Kidonda Ambacho Sikukiona

Mahabibo, Mahajanga
14 Agosti 1963

Mpendwa kaka Halidi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Dzamandzar, wewe na wifi Fatouma na watoto, na kwamba kile kikohozi chako kimepoa. Sisi tu wazima, ila mama. Juu yake nimechanganyikiwa, hata sijui nianzie wapi.

Nilikwisha kukuandikia habari za Koulsoum, yule mjane ambaye jumuiya ya akina mama ilimleta amhudumie mama tangu alipopooza. Humwogesha, humlisha uji wa mchele, humchekesha. Nilishukuru nikaacha kuuliza.

Sasa tangu nchi ijitawale kila jambo lina karatasi yake. Mwezi uliopita jumuiya ikamtuma mkaguzi, Bi Bahia, aangalie wagonjwa wanavyotunzwa majumbani. Akauliza kwa Kimalagasi, Koulsoum akajibu kwa Kingazija, nami katikati nikifasiri. Maji yanachemshwa? Shuka hubadilishwa lini? Saa za dawa zimeandikwa wapi?

Koulsoum akagusa kichwa chake. "Zimeandikwa humu."

Mimi nikacheka. Bahia hakucheka. Akataka mama ageuzwe. Mama akapiga kelele, na kumbe chini ya kiuno pana kidonda, upana wake kama kikombe cha kahawa. Halidi, nalala chumba cha pili!

"Hugeuzwa mara ngapi kwa siku?" akauliza Bahia.

Koulsoum akaangua kilio. "Akiniambia anaumia, namwacha. Nimtese vipi mtu ninayempenda?"

Mama naye akadakia, "Mimi ndiye niliyemkataza. Mkimwondoa, sili."

Bahia akaniambia niamue: aletwe mwingine, au Koulsoum abaki, ila asubuhi za wiki mbili akafundishwe kwenye zahanati, na ukaguzi urudiwe bila taarifa. Vyovyote vile, nitie sahihi. Nilitaka kumfukuza Koulsoum, na papo hapo nilitaka kumkumbatia. Nikamkasirikia Bahia pia, aliyekaa nusu saa akaona nisichokiona mimi kwa miezi minane.

Nikatia sahihi abaki. Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa.

Koulsoum amejifunza. Humgeuza mama kila baada ya saa mbili, mama akimwita mkatili, naye huendelea kumgeuza huku machozi yakimtoka. Jana Bahia alikuja ghafla, akapima kidonda kwa uzi, kimepungua nusu. Akaandika kwamba huduma ni nzuri. Siku hiyo mama alikuwa na siku ya tatu hajasema na Koulsoum, hata kumwita mkatili, na karatasi haikuuliza hilo. Nifurahi au nilie, kaka?

Nakuomba umwandikie mama amsamehe Koulsoum. Mimi hanisikilizi. Na ukipata ruhusa kazini, vuka bahari hadi bandari ya Antsahampano uje umwone mwenyewe, maana mambo haya yamenishinda kuyapima peke yangu.

Nisalimie wifi Fatouma, shangazi Hadidja, na jirani yenu Soudjay. Mama anakusalimu, na ameniamuru nikuandikie kwamba mimi na Koulsoum tunamtesa.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi wewe na nyumba yako, na atujaalie kuonana tungali na mama.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye daima,
Zoubeida