Baba, Neno Lilikuwa Mumiani

Baba, shikamoo. Barua hii ni yako, lakini naiandika isomwe na wengine pia, na sababu yake utaiona.

Bado niko huku Marekani, Gaithersburg, bado niko maabara, na foleni ya barabara ya 270 bado inanimaliza kila asubuhi. Mwezi huu chuo kimoja upande wa Fairfax kinaonyesha sinema za kutisha za Waingereza, zile za miaka ya sitini na sabini. Si za ile kampuni kubwa inayojulikana na kila mtu. Ni zako, Baba: za vile vikampuni vidogo vilivyopigia picha zote kwenye jumba moja la kukodi, leo pazia jekundu, kesho la kijani, ngazi ni ileile. Mwalimu wao wa Kiswahili, Mkenya aitwaye Wanjiru, ameniomba nitafsiri moja, maandishi yatokee chini ya picha. Nilicheka peke yangu garini. Nani mwingine wangempata aliyelelewa na mikanda hiyo?

Unakumbuka sebule yetu ya Tanga, Jumapili baada ya alasiri? Deki ya video juu ya kabati la vyombo, majirani mkekani, wewe umesimama kando ya televisheni na fimbo yako ya kuonyeshea, ukiwatafsiria. Ulizijua kampuni zile kwa ngazi zake. "Hawa hawana kitu," ulikuwa ukisema, "lakini tazama wanavyojua kupika." Walipokosa uwezo wa kujenga ngome ya kale, walimleta shetani kwenye fleti ya mjini, kwa watu waliovaa suti na kunywa chai. Ulilipenda hilo kuliko damu yenyewe, ambayo ulisema ni rangi ya milango tu.

Na wewe ulifanya vivyo hivyo, kwa ulichokuwa nacho. Alipotokea yule bwana mwenye meno, hukuhangaika kutafuta neno. "Huyu, jamani, ni mumiani!" Sebule nzima ikatulia, maana kila mtu pale alikuwa na bibi aliyemwonya juu ya mumiani, watu wanaokamata wenzao na kuwanyonya damu.

Hapo kidomodomo changu kikaniponza. Nilikuwa kidato cha pili, nimerudi kutoka bweni na Kiingereza kipya. "Baba, siyo mumiani. Vampaya ni maiti inayofufuka. Mumiani ni mtu hai, damu anakwenda kuiuza." Mzee wa nyumba ya pili akapiga makofi: "Leo mwalimu kafundishwa!" Watu wakaangua kicheko. Wewe pia ulicheka, kidogo.

Tangu siku ile ukawa unaniuliza kwanza, kwa sauti ya chini, "Hii inaitwaje, mwanangu?" Nami nikikujibu kwa madaha. Tafsiri ikawa sahihi, sebule ikapoa, majirani wakapungua. Kabla ya Ramadhani ukaifunika deki kwa kitambaa. Sikukuomba radhi. Ulipofariki nilikuwa huku, na kwenye simu zetu za mwisho tulizungumzia dawa na hali ya hewa.

Juzi Wanjiru alinipigia baada ya kuisoma tafsiri yangu.

"Dada, si tuandike tu vampire? Hiyo mumiani, students wata-google wapotee."

Nikamwambia wapotee kidogo, haina neno. Nikamweleza: bwana tajiri anakaa kwenye jumba kubwa, anawaita wanyonge nyumbani kwake, wanatoka wamekauka. Mtu wa Tanga anamjua huyo, na jina lake hatuna haja ya kuliazima. Kama mumiani hawamtaki, basi atafute mtafsiri mwingine. Akacheka: "Sawa basi, mumiani iwe."

Jumamosi, siku ya onyesho, watu watagawiwa karatasi mlangoni, na barua hii imo. Nimeomba mwenyewe iwekwe. Dua nakuombea kila siku, kimya kimya, lakini jambo hili halifai kumalizwa kimya kimya. Nilikusahihisha mbele ya watu, Baba. Nakuomba radhi mbele ya watu: neno lako lilikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyekosea.

Mungu akulaze pema.

Binti yako,
yule mwenye kidomodomo