Funda Moja la Udhu

Ibra, Alhamisi, baada ya Adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje? Na kile kikohozi cha Baba, kimeondoka au bado anakificha? Nasikia huko Tabora mvua zimechelewa tena. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillah, ila moyo wangu hauko sawa, na ndiyo maana leo nimekaa kuandika badala ya kukupigia.

Utashangaa kwa nini barua wakati simu ninayo. Kwa simu siwezi, Mama. Katika nyumba hii ni mtu mmoja tu anayeelewa Kiswahili changu chote, Bibi Shamsa, dada yake Babu, naye ndiye ninayetaka kukueleza habari zake. Mwanawe, Ami Hilal, amezaliwa huku Omani, Kiswahili chake ni cha salamu na chakula. Mkewe, Khalti Moza, hajui hata hicho. Nikishika simu tu, Bibi Shamsa anavuta kiti karibu ili asikie habari za kwao. Basi nimeandika, na barua nitampa mwenzangu wa chuoni anayekuja huko kwenye harusi ya dada yake.

Ulipomwona Bibi kwenye video siku ya Idi ulisema amenawiri, uso umejaa. Ule haukuwa unono, Mama. Yalikuwa maji. Figo zake zote mbili zimekufa, mkojo hautoki ila matone, na kila anachokunywa kinabaki humo humo mpaka tumpeleke hospitali akafungwe kwenye mashine ya kusafisha damu. Siku za kukaa nyumbani anaruhusiwa chupa ndogo moja ya maji kwa siku, na humo humo mna chai yake, uji wake na maji ya kumezea vidonge. Na huku ni Ibra, mwezi huu wa joto kali, ambapo tangi liko juu ya paa na hata bomba la maji baridi linatoa maji ya moto.

Chupa hiyo nimekabidhiwa mimi. "Wewe ndiye daktari wetu," alisema Ami Hilal nilipofika, nami nikavimba kichwa. Mtihani wa maji na chumvi za mwilini nilikuwa nimeufaulu kuliko wote darasani, na wewe mwenyewe ulinitangaza mtaa mzima. Nikawaeleza pale sebuleni kama mwalimu. Chumvi huvuta maji, kwa hiyo papa mkavu wa kutoka Sur asiingie tena jikoni. Tende na ndizi zina potasiamu, ambayo figo nzima huitoa nje, lakini kwa Bibi inabaki kwenye damu na inaweza kuusimamisha moyo. Wote waliitikia, na Bibi naye akaitikia. Walipotoka akanishika mkono, akaniuliza, "Na kiu, mwanangu, mmesomeshwa dawa yake?"

Hatukusomeshwa. Kitabu kinasema mgonjwa apewe kipande cha barafu anyonye, au limau kidogo, au asukutue mdomo ateme. Yote nimeyafanya, na bado ulimi wake ni mkavu kama kitambaa.

Kwa Kiarabu Bibi ni mtu mwingine kabisa. Hapa mgonjwa hatazamwi bila kahawa na tende, basi kila siku wanawake wanakuja, sinia linazunguka, naye anakataa kwa upole, anasema alhamdulillah, sina hamu. Wanatoka wakisifu subira yake. Mlango ukifungwa tu ananigeukia kwa Kiswahili.

"Nasra, nipe japo funda."

"Bibi, chupa ya leo imekwisha."

"Basi nipe ya kesho."

"Na kesho utakunywa nini?"

"Kesho anaijua Mungu. Wewe nipe."

Huwa nageuka nikajifanya natafuta kitu kabatini. Fikiria, Mama, mtu pekee wa kuzungumza naye lugha ya kwao ndiye anayemnyima maji.

Mwezi uliopita mizani ya hospitali ikaanza kutuumbua. Kila wakimpima kabla ya mashine, uzito umepanda kupita kiasi, na mtu hanenepi hivyo kwa siku mbili, ni maji tu. Sista wa pale, mama wa Kihindi mpole sana, akaniuliza anayapata wapi. Nikaapa sijui. Nyumbani Khalti Moza akalitia friji kufuli, akauondoa mtungi ukumbini, watoto wakakatazwa kuacha gilasi ovyo. Uzito ukazidi kupanda. Siku moja Khalti akanisimamisha jikoni.

"Wallah sikudhanii ubaya, ya binti," akaniambia kwa Kiarabu, "lakini nyinyi wawili mnanong'ona kwa lugha yenu. Unampa?"

"La wallah, Khalti."

Akarudi kwenye sufuria lake. Nililia siku ile, sikufichi.

Katikati ya mashaka hayo palikuwa na furaha moja, kwamba Bibi amezidisha ibada. Akawa anasali hata Dhuha ya asubuhi, akawa haachi sunna hata moja, na kwa kila sala anataka udhu mpya hata kama wa kwanza haujatenguka. Anajikongoja na fimbo yake mpaka kwenye sinki, hataki kushikwa. Ami Hilal, akirudi kutoka kazini kwake Nizwa mwisho wa wiki, akimkuta anatawadha, machozi yanamlengalenga. Alikwishawaambia jamaa wote kwamba mama yake anajiandaa kukutana na Mola wake. Na mimi nilifurahi, Mama. Mimi niliyefaulu mtihani nilikuwa namfungulia bomba.

Ijumaa moja asubuhi, wanaume wakivaa kwenda msikitini, Bibi akashindwa kuvuta pumzi. Alikuwa amekaa kitandani, midomo imegeuka rangi, kifuani kunachemka kama buli. Maji yalikuwa yameingia mapafuni. Alikuwa anazama, Mama, ndani ya chumba kikavu, mbele ya macho yangu. Nililijua jina la kila kitu kilichokuwa kinatokea mwilini mwake, na sikuwa na la kufanya ila kumkalisha wima na kumshika mabega mpaka Ami Hilal alete gari mlangoni. Sijapata kujiona mjinga namna ile. Hospitali waliyavuta yale maji kwa mashine, saa nyingi, na Mungu akamrudisha.

Alipopata ruhusa ya kurudi nyumbani, nilisimama naye kwenye sinki kwa kuogopa asianguke. Ukutani pana kioo. Akanawa viganja, akatia maji kinywani kusukutua, na kwenye kioo nikaona koo lake linapanda na kushuka. Akatia tena. Mara zote tatu hakutema hata tone. Alipoinua uso, macho yetu yakakutana.

"Nisitiri," akasema.

"Bibi, maji haya ndiyo yaliyotaka kukuua."

"Najua."

Nikamwambia dini ina wepesi, mtu ambaye maji yanamdhuru anatayamamu kwa udongo safi. Akanicheka. "Hayo nimeyajua kabla baba yako hajazaliwa. Ulimi umekauka, Nasra. Alhamdu yenyewe inanikwama. Nikitayamamu, hilo funda nitalipata wapi?"

Sijamwambia mtu. Khalti atafunga na mabomba. Na Ami Hilal sina moyo wa kumwambia kwamba ile ibada ilikuwa kiu. Wala mimi mwenyewe sina hakika kwamba ilikuwa kiu tupu, maana nimemsikia anavyolia kwenye sijida.

Basi tukapatana wawili sisi. Kila udhu nisimame naye, asukutue mbele yangu, ateme nikiona. Na ametimiza. Anatema, kisha ananitazama kama mtoto aliyemaliza dawa chungu. Uzito umeshuka, Sista amenisifu, Khalti amenipa mimi ufunguo wa friji. Na Bibi amenyauka, midomo imepasuka, na tangu tupatane haniombi tena maji. Hilo la kutoniomba ndilo linalonimaliza. Nilikuwa nafikiri akiacha kuomba nitapumua.

Jana Magharibi alijaza maji kinywani, mashavu yakavimba, akatulia hivyo hivyo. Hakumeza wala hakutema. Alinitazama kwenye kioo. Safari hii hakuwa ananidanganya, Mama, alikuwa ananiomba ruhusa. Nikageukia vigae vya ukutani. Vina maua ya buluu, sikuwahi kuyaona kabla ya jana. Sikusikia maji yakianguka kwenye sinki. Kisha alinishika bega, akasema, "Mungu akupe, mwanangu," akaenda kusali.

Niambie, wewe ungefanyaje? Mwalimu wangu wa chuoni nimemuuliza bila kutaja jina, akanisomea ya kitabuni. Usiniambie nimwachie Mungu, kwa sababu Mungu kaniweka mimi pale kwenye sinki. Najua jibu lako likinifikia litakuwa limechelewa, lakini niandikie hivyo hivyo.

Nisalimie Baba, na mwambie kikohozi hakisikii ukali, aende akapimwe. Nisalimie dada Zaituni na wanawe wote, na shangazi mwenye cherehani, mwambie gauni lake bado nalivaa chuoni. Na ami mdogo aliyebaki kwenye nyumba ya Babu, mfikishie swali la dada yake Babu: Bibi anauliza kila siku kama kile kisima cha uani bado kina maji baridi. Mimi sijathubutu kumjibu.

Alasiri inaadhiniwa. Naisikia fimbo yake ukumbini, inakuja polepole, na sasa ananiita, "Nasra, twende tukatawadhe." Naenda, Mama, na macho sijui nitayaweka wapi.

Mwanao,
Nasra