Mahari Nzuri Bungoma

Kitale,
11 Februari 1990

Kwa Baba mpendwa,

Hamjambo huko Matulo? Mgongo wa Mama unaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, lakini roho inachemka, kwa hivyo nisamehe maandishi yakiruka mistari.

Baba, nimefukuzwa kwa darasa la Kifaransa. Mwalimu Kiplangat alituuliza kila mtu anapenda kufanya nini. Nikataka kusema napenda kusoma. Kwa Kifaransa kusoma ni "lire". Wewe unajua ulimi wetu. Ikatoka "rire", na hiyo ni kucheka. Darasa zima likaangua kicheko. Akaniandikisha "lire" ubaoni mara tatu, nikaliandika sawa mara zote. Akasema nisome, ikatoka kucheka tena! Basi akasema, "Nyinyi wa Bungoma Kifaransa mtakitafuna tu. Nenda darasa la Kilimo."

Hiyo ningevumilia. Lakini yeye ndiye anashika ufunguo wa maktaba, na amechukua kadi yangu. Ati mtu asiyetofautisha kusoma na kucheka anaenda maktaba kufanya nini? Baba, kile chumba ndicho kitu pekee ninachokipenda hapa. Wenzangu wanaingia jioni, mimi nabaki dirishani, na sasa wananiita Kicheko. Fanya kitu. Sitaki kutulizwa, nataka kusoma.

Binti yako,
Nakhumicha


Matulo,
25 Februari 1990

Kwa mwanangu Nakhumicha,

Hujambo? Sisi tuko salama, mama yako mgongo umeachilia, na ng'ombe amezaa. Barua yako nimeisoma mara moja tu. Ya pili ningevunja meza.

Kiplangat! Si ni yule siku ya wazazi alisimama akatuita "wasasi wabendwa"? Tulimcheka? Tulipiga makofi, kwa sababu mtu na ulimi wake. Nyani haoni kundule, bana!

Usirie. Najua barua zenu zinafunguliwa huko kabla hamjapewa, kwa hivyo sisemi mengi, wasije wakaharibu. Nimeenda Bungoma. Nimekupatia mahari nzuri sana. Mwenyewe anaitwa Bwana Nderitu, mtu mzima, mtu wa vitabu, ako na nyumba nzima imejaa vitabu. Nimemweleza tabia yako, amefurahi, anakutaka mwezi wa tano ukifika. Mwandikie wewe mwenyewe umwambie umekubari. Anwani iko nyuma ya karatasi hii.

Nimeweka karamu ndani ya bahasha, ile yako najua imeisha wino.

Baba yako,
Jotham Makokha


Kitale,
6 Machi 1990

Kwa Baba,

Salamu sitaki kuandika, lakini adabu ni adabu. Hamjambo.

Kwa hivyo ni hayo! Mimi nakuomba kitabu, wewe unanitafutia bwana! Mahari! Tena nzuri sana! Ng'ombe wangapi, Baba? Kama wale wa dada Nasambu? Dada alitolewa Kidato cha Pili, hapa hapa nilipo mimi, na uliapa mbele ya Mama kwamba ni yeye wa kwanza na wa mwisho. Nilikuwa nyuma ya mlango, nilisikia.

Ati mtu mzima. Ati nyumba imejaa vitabu. Hata ingejaa dhahabu! Nivipanguze vumbi na mtoto mgongoni? Kiplangat amenifungia mlango mmoja, wewe umefunga yote.

Umesema nimwandikie. Nimemwandikia, na kalamu hiyo hiyo uliyonitumia. Nimemwambia: "Mzee Nderitu, mahari yako kaa nayo. Oa vitabu vyako, vitakupikia. Mimi nataka kuvisoma, sitaki kuvizalia." Msichana wa kutwa ameipeleka posta jana, hakuna aliyeifungua.

Aliyekuwa binti yako,
Nakhumicha


Matulo,
28 Machi 1990

Kwa Nakhumicha,

Mama yako anakusalimia. Mimi bado.

Umenivua nguo mbele ya watu! Nderitu ni hedimasta! Hedimasta wa shule ya wasichana, Bungoma! Ana mke, ana wajukuu! Aliniita ofisini akasoma barua yako kwa sauti, karani anasikia, mwalimu wao wa Kifaransa anasikia. "Oa vitabu vyako, vitakupikia." Nilitamani ardhi ipasuke. Akaniuliza, "Mzee Makokha, kwani ulimwambia mtoto nini?"

Nilikuambia nini mimi? Nilikuambia nimekupatia mahari! Mahari ya kusoma! Mahari kwa darasa, na kiti chako, na maktaba inafunguliwa hata Jumamosi! Nani alitaja ng'ombe? Nani alitaja bwana? Mahari, mtoto, mahari! Ni neno gani hapo haulielewi?

Nilitoka bila kuaga, hata kofia nikaisahau juu ya meza. Usiku huo sikurara. Na sasa nasema hivi: huyo Kiplangat alijua anachosema. Wewe kusoma haujui.

Usiniandikie.

Jotham Makokha


Kachibora,
22 Aprili 1990

Kwa Baba,

Hamjambo? Najua ulikataza barua. Hii ni barua. Likizo hii niko kwa Mjomba, tunapanda mahindi. Sikuja nyumbani kwa sababu ya ule mstari wako wa mwisho.

Mahari, mahali! Nilipoelewa nilicheka peke yangu bwenini, halafu nikalia. Kalamu uliiita karamu nikaelewa, kwa sababu niliishika mkononi. Hili lingine halikuniingia. Tangu mwaka jana nafundishwa kusikia tofauti ya herufi hizo mbili, r na l, mpaka nikashindwa kusikia sauti ya baba yangu. Kwa hilo naomba radhi.

Bwana Nderitu amenijibu. Anasema mke wake ameisoma barua yangu na sasa anamwita bwana harusi. Anasema pia msichana anayekasirika hivyo kwa ajili ya vitabu ndiye anayemtaka, na kiti kipo mpaka shule zifunguliwe. Kofia yako anayo.

Lakini siendi. Kiplangat ni mtu baki, akinicheka nitapona. Wewe ulichukua fimbo yake ukanichapa nayo. Ati kusoma sijui! Mimi nasoma, Baba! Nasoma kuliko mtoto yeyote uliyemzaa! Futa ule mstari. Na kama yule alivyoniandikisha neno mara tatu, na wewe niandikie lile lako mara tatu, sawasawa. La sivyo nitalima na Mjomba, kiti apewe mwingine.

Binti yako, kama bado,
Nakhumicha


Matulo,
27 Aprili 1990

Kwa binti yangu Nakhumicha,

Hatujambo, ila nyumba imenyamaza sana.

Mahali.

Mahali.

Mahali.

Ule mstari nimefuta. Ulikuwa uongo, na niliandika nikijua ni uongo. Jumatatu ya tarehe saba, shule zikifunguliwa, nitakungoja stendi ya Bungoma asubuhi, bila kofia.

Njoo, mwanangu. Usirie tena.

Baba yako