Udongo Kwenye Kidonda cha Mama

Jumatatu, 1 Desemba

Nimemfunga Mama kidonda kama kila asubuhi. Maji ya chumvi yaliyochemka, kitambaa safi, subira. Kitambaa cha jana kiling'ang'ania. Nilikilowanisha, bado kikaondoka na nyama. Damu. Nilibana kwa kiganja mpaka chai ikapoa. Mama aliimba pambio kwa sauti ya chini ili nisisikie anavyovuta pumzi.

Mguu wa kulia, juu ya kifundo. Aliungua akichoma vyungu nilipokuwa darasa la pili. Kidonda kilipona nusu, kikafunguka, kikapona nusu. Mwaka huu kimeota nyama. Hospitali mjini Kyela walikata kipande wakapima. Saratani. Wakasema mguu ukatwe chini ya goti. Mama alikataa.

"Nitachuchumaa na nini? Chungu hakifinyangwi kitandani."

Nimemaliza kidato cha nne. Kazi yangu sasa ni hii, na siifanyi vizuri.

Alhamisi, 4 Desemba

Kuna mtafiti amepewa chumba kwenye zahanati yetu hapa Matema. Anaitwa Rashidi, kwao Tanga. Mwaka jana alichukua udongo kwenye shimo la wafinyanzi, lile la kina Mama. Huko chuoni kwake wameuchoma, wameusafisha na kuusaga mpaka chembe zake ni ndogo kuliko chochote tulichowahi kuona kwa darubini ya shule. Anaziita chembe za nano. Wamezipachika kwenye kitambaa cha kufungia vidonda. Sasa anataka kuona damu ya watu inavyozipokea.

Anatafuta msaidizi aliyesoma sayansi. Muuguzi akanitaja. Nilikubali kwa kichwa tu, sauti haikutoka.

Leo nilitoa damu yangu. Mama naye alikuja akichechemea akanyoosha mkono. "Chukua, mwanangu. Inamwagika bure kila siku." Rashidi alicheka, kisha akaona mguu wake, akaacha kucheka.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimeona kwa macho yangu.

Vichupa viwili vya damu ya Mama. Kimoja chenye kipande cha kitambaa cha kawaida, kingine chenye kitambaa cha udongo. Rashidi alivilaza vyote. Cha kwanza damu ilitiririka. Cha pili ilibaki imeshika chini kama uji uliolala.

Aliniambia damu haigusi kitu kigeni kikiwa uchi. Kwanza protini za damu hukifunika kile kitu. Ndipo chembe sahani, zile za kugandisha damu, huja, hujibandika, huitana, na nyuzi hufumwa juu yake. Udongo huu unaiharakisha kazi hiyo. Nilitaka kuuliza maswali kumi. Niliuliza moja: kitambaa hiki kinaweza kumsaidia Mama?

"Kusimamisha damu, labda, siku moja. Kuponya saratani, hapana. Na bado kuna kipimo kingine."

Nilisikia "labda" tu.

Nyumbani nilimwambia Mama yote. Sijawahi kuongea sana hivyo maishani mwangu. Alinifanya nirudie. "Udongo wetu? Ule ule wa shimoni?" Ule ule, nikasema. Aliangalia viganja vyake. "Ndaga fijo," akasema, na sikujua anamshukuru nani.

Ijumaa, 12 Desemba

Kipimo cha pili.

Damu inachanganywa na chembe za udongo, inaachwa ikae, kisha inawekwa kwenye mashine ya kuzungusha. Chembe nyekundu zikiwa salama hushuka chini na maji ya juu hubaki meupe. Vichupa vyetu vilitoka na maji mekundu juu. Yangu, ya Mama, ya wote. Chembe nyekundu zimepasuka.

Rashidi aliinua kichupa kimoja kimoja kwenye mwanga. "Damu imeganda haraka, lakini imeumizwa," akasema. Kitambaa hakitagusa mtu yeyote. Atarudi chuoni kuanza upya, labda kuzivisha zile chembe kitu laini zaidi. Labda tena.

Nimelia nyuma ya zahanati. Mama alikuwa ananisubiri mlangoni, akitabasamu. Nikashindwa. Nilisema Rashidi bado anapima. Kesho ni soko. Nitamwambia nikirudi.

Jumamosi, 13 Desemba

Nilipeleka vyungu sokoni Lyulilo. Niliporudi Mama alikuwa amekaa uwanjani, mguu ameunyoosha, uso unang'aa.

"Tazama. Hakuna damu."

Alikuwa ameukanda udongo wa shimoni, akaubandika juu ya kidonda, mnene na laini, ameulainisha kwa jiwe lile analolainishia vyungu. Kazi safi. Umekauka ukafanya nyufa.

Nilisema ule wa Rashidi ulichomwa, ulisafishwa, hauna vijidudu. Nilisema hata huo umeshindwa. Nilisema kwa sauti ndogo sana. Mama akasema, "Si wewe uliyeniambia ni ule ule?"

Nilibandua kwa maji ya moto mpaka jioni. Haukutoka wote.

Jumatatu, 15 Desemba

Homa. Mguu umevimba mpaka gotini na unanuka. Ukiubonyeza, ngozi inalia kama kuna mapovu ndani. Muuguzi alitazama mara moja tu akapiga simu ya gari. Rashidi alishika upande mmoja wa machela. Sikumwambia kwamba ni mimi niliyempa Mama wazo.

Jumanne, 16 Desemba

Wameukata. Juu ya goti, siyo chini. Mama aliweka dole gumba kwenye karatasi bila kubisha.

Ni mimi.

Mhudumu wa chumba cha upasuaji alituuliza: mnauchukua au tuuchome? Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba, alikasirika. "Mguu wa mtu hauchomwi kama takataka. Huo umetembea Matema yote." Nikapewa mimi niubebe, kwa sababu mimi ni mwanawe. Umefungwa nailoni, kisha kanga ya Mama. Ni mzito. Sikujua mguu ni mzito hivyo.

Jumatano, 17 Desemba

Tumezika. Kaburi fupi kando ya baba. Watu hawakujua wakae vipi. Jirani mmoja alileta mchele kama wa msiba, mwingine akamwambia rudisha, mtu yuko hai. Mzee wa kanisa alisema hana ibada ya mguu. Akafikiri, akaomba kwa kifupi, akasema "pole kwa safari" na akaona haya.

Baba Mdogo aliniuliza unyayo uelekee wapi. Watu wote walinitazama. Nilisema ziwani. Kwa mara ya kwanza wiki hii sauti ilitoka.

Jumapili, 21 Desemba

Wodini, mchana. Mvua. Homa imeshuka. Leo nilimwambia Mama kwamba Ijumaa ile nilijua na sikusema. Alivuta shuka hadi kidevuni.

"Ningeubandika hata hivyo," akasema.

Sijui kama ni kweli.

Aliuliza nani walikuja kuzika. Nilimtajia. Aliuliza kama kuna aliyelia. Nikasema Baba Mdogo. "Mwongo yule," akasema, akacheka kidogo, ikamuuma.

Kisha akaniomba nimkune kidole gumba cha mguu wa kulia. Kinawasha tangu asubuhi, akasema, na ameona aibu kumwambia nesi.

Nilikuna shuka, pale ambapo kingekuwa.

"Chini kidogo," akasema. "Hapo."

Niliendelea mpaka akalala.