Mama Aliiona Filamu Kabla Hajasomewa Kitabu

Kaka Odhiambo,

Salamu sina, usizitafute. Meseji nilizokuandikia ni saba, zote umezisoma, zote zina tiki za buluu, na hukujibu hata moja. Kwako Milimani nimefika mara mbili. Askari wa getini ananiambia Daktari yuko safarini na filamu yake, miji ya watu. Basi nakuandikia hadharani, kila mtu asome. Wewe ndiye uliyeanza kuyatoa ya nyumbani nje.

Kilichonichemsha ni redio. Alhamisi nilikuwa dukani kwa Mama Hansa, napanga dawa za kikohozi, nikasikia sauti yako. Mtangazaji alikuuliza lipi ni bora, mtu asome kitabu kwanza au atazame filamu kwanza. Ukacheka kile kicheko ulichokitoa chuoni. Ukasema anayetanguliza filamu ni mvivu, na amejipunja mwenyewe. Mama Hansa akaniuliza, huyo si ndugu yako? Nikamjibu nilikuwa na ndugu, lakini huyo simjui. Nikaizima redio yake bila hata kumwomba ruhusa.

Mvivu. Mama yetu ni mvivu, Odhis?

Hebu nikukumbushe tulikotoka, maana naona umesahau. Nilikuwa na miaka minane, wewe uko sekondari. Kile kibanda cha video cha pale sokoni kilileta filamu ya kitabu mlichokuwa mnasoma darasani, na watoto wote wa mtaa walikuwa ndani. Ukanikamata mkono mlangoni. "Kitabu kwanza," ukasema. Ukanikalisha nyuma ya kibanda juu ya gunia la mkaa, ukanisomea siku nne mfululizo, huku kelele za filamu yenyewe zikitufikia kupitia mabati. Siku ya kwanza nililia mpaka kamasi. Siku ya tatu nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kuna filamu. Tulipoingia hatimaye, watu wazima walikuwa wanamlaani bibi mmoja mle ndani, eti mchawi, nami nikasimama juu ya benchi nikawaambia hapana, hamjui yaliyompata, mimi najua. Wakanizomea. Wewe ulijaa fahari, ukanibeba mabegani hadi nyumbani na kumwambia Mama kwamba aliyesoma hadanganyiki.

Huyo kaka ndiye niliyempenda. Sijui umempeleka wapi.

Kitabu chako kilipotoka ulituita kwenye ile hoteli ya mjini. Mama alikaa mstari wa mbele na gauni jipya, akapiga makofi kila watu walipopiga, hotuba zote Kiingereza kitupu. Ukampa nakala, ukaitia sahihi. Akakuombea kwa sauti mbele ya wageni wako, ukaona haya kidogo, nilikuona. Nyumbani akakiweka kwenye kabati la vioo, kando ya Biblia yake ya Kijaluo. Kila mgeni alikuwa anaonyeshwa. Ukamwahidi utakuja Desemba umsomee chote, ukimtafsiria. Desemba tatu zimepita.

Nami pia sijitoi lawamani. Nakala yangu niliifikisha ukurasa wa kumi na tisa, nikaifunga. Nilikuwa natoka kazini miguu imevimba, nikisema kesho, kesho. Mama akiniuliza kinasema nini, nilimwambia kinasema habari zetu, ni kizuri. Nilikuwa nakisifu kitabu nisichokisoma, na hilo litanila maisha yangu yote.

Kisha vijana waliokigeuza kitabu chako filamu wakaja kuwashukuru watu wa ufuo, kwa kuwa walipigia picha kule. Wakatundika shuka jeupe ukumbini shuleni, madirisha wakayaziba kwa turubali, saa nane mchana. Mama wakampa kiti cha mbele. Mwigizaji aliyecheza mjane alivaa leso kama za Mama, alicheka kama Mama, hata beseni lilikuwa la Mama, waliliazima wenyewe. Watu wakafurahi. Mama naye alifurahi, akanifinya goti.

Halafu ikaja ile sehemu. Mjane hana kitu. Mwenye boti anamwita nyumbani kwake. Anaingia na beseni tupu, mlango unafungwa. Mlango unafunguliwa, anatoka na beseni limejaa mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, na anatabasamu. Kaka, ulimwacha atabasamu.

Wewe umezaliwa ziwani, huhitaji kuelezwa. Lakini wengine wanaosoma hapa wajue: kwetu kuna wavuvi ambao hawamwuzii mwanamke samaki mpaka awe pia wa kitandani kwao. Tunawaita jaboya. Kila mtu anajua jambo hilo lipo, na kila mama anayeuza samaki hujikinga jina lake lisitajwe humo. Mama yetu aliuza samaki miaka ishirini na mitano na jina lake halikuwahi kutajwa. Siku hiyo lilitajwa. Nyuma ya ukumbi mtu alisema, "Mama Odhiambo, kumbe!" Watu wakaangua kicheko.

Nami, niliyesimama juu ya benchi nikiwa na miaka minane, niliangalia viatu vyangu. Sikuwa nimesoma. Sikujua.

Mama hakuondoka. Alikaa mpaka mwisho, akasimama, akawashukuru wale vijana kwa Kijaluo na kuwaombea safari njema. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Wale mama wawili wa kanisa, anaotembea nao kila siku, walikuwa mbele yetu kidogo, na hawakupunguza mwendo. Alipofika nyumbani alikaa na kuniuliza kama hivyo ndivyo ulivyoandika. Nikamwambia hapana Mama, watu wa filamu ni waongo.

Jumapili wakamtuma mtu. Wanawake wa kanisa wameona apumzike kidogo na uongozi, mpaka maneno yatulie. Miaka kumi na minne amewaongoza, amewaoshea maiti zao, amekesha na wagonjwa wao, leo apumzike kwa sababu ya beseni la samaki.

Jumatatu nilikwenda kazini na kitabu chako. Nilitaka ushahidi. Nilitaka kuwaonyesha ukurasa kwa ukurasa kwamba jambo hilo halimo. Mama Hansa alinitazama usoni akasema leo wateja nimwachie yeye. Nikakaa kwenye ngazi ya stoo, nikasoma tangu asubuhi. Nilipofika sura ya tisa nikalikuta. Limo. Mwenye boti yumo, na mlango umo.

Ila samaki hawamo.

Kabla ya mlango kuna kurasa kumi na moja. Kuna mtoto wa miaka miwili ana degedege tangu usiku, macho yamegeuka. Baba kafa mwaka uliotangulia. Mvua imekata barabara. Hospitali iko ng'ambo ya ghuba, na ufuo mzima una boti moja tu yenye injini, na mwenyewe anasema atamvusha mtoto, lakini kwa sharti. Mama anamkabidhi jirani mtoto, anaingia. Anatoka, anamfunga mtoto mgongoni, anapanda boti, na njia nzima hamtazami yule mwanamume hata mara moja. Mtoto anapona.

Mtoto ni mimi, Odhis. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya stoo, mtu mzima wa miaka thelathini na nne, najifunza kutoka kwa kitabu cha dukani bei ya uhai wangu. Nililia mpaka Mama Hansa akafunga duka.

Redioni ulisema, tena kwa kujisifu, kwamba mlipunguza wahusika ili filamu iende mbio. Mhusika mliyempunguza ni mimi. Mkanitoa, mahali pangu mkaweka mbuta. Mkaibakiza aibu, mkaiondoa sababu. Na usinitilie mchanga machoni kwamba hukujua: jina lako liko mwishoni, mshauri wa hadithi. Ulikaa nao meza moja, ukatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, endeleeni.

Siku iliyofuata nilikwenda nyumbani na kumwambia Mama nimesoma. Akaniambia nimsomee. Nikaanza kumtafsiria, na kila nilipokaribia pabaya nikaruka mistari. Akaniwekea mkono gotini. "Nyathina, soma yote. Nilimwambia kaka yako yote." Nyathina, mwanangu. Basi nikasoma yote, sauti ikinikatika, yeye akichambua mboga bila kusimama. Nilipomaliza akasema umeandika vizuri.

"Lakini mimi nilimwambia mwanangu," akasema. "Sikuwaambia watu."

Hapo hasira yangu ikapata mahali pa kukaa. Nilikuwa nimejiandaa kukutetea kwa hicho kitabu. Nilitaka kusema kitabu ni chema, filamu ndiyo mbaya, laiti tungesoma kwanza. Na ni kweli, ningesoma kwanza ningesimama pale ukumbini nikawanyamazisha wote, hilo kosa ni langu na nitalibeba. Lakini wewe unazunguka redio kwa redio kuwafundisha watu kipi kitangulie, kitabu au filamu, na hakuna siku uliyojiuliza kama Mama angetangulia. Kumwuliza tu kama anaruhusu. Miaka yote hiyo alinificha mimi nisije nikauona mzigo, akakuamini wewe, na wewe ukaenda nao sokoni.

Nikudokeze jambo moja, kwa sababu hukuwepo. Aliwaita. Wanawake wote wa kanisa, Jumamosi alasiri, akawapikia chai na mahamri. Akasema mmeona, sasa mtasikia. Nikakifungua sura ya tisa, nikaanza kuwasomea kwa Kijaluo. Nilipofika kwenye mlango akakifunga kitabu mkononi mwangu, akaendelea mwenyewe, kwa maneno yake, bila kuinamisha kichwa. Alitaja na jina la yule mwanamume, ambalo wewe uliogopa kuliandika. Alipomaliza, mmoja wa wale wawili waliotutangulia njiani aliinuka, akakusanya vikombe, akaenda jikoni kuviosha, na hakurudi mpaka macho yamekauka. Mwenyekiti wao akamwomba Mama afunge kwa sala. Mama akamjibu atafunga mwingine, yeye walimwambia apumzike, bado anapumzika.

Mama amenikataza kukuandikia kwa hasira. Nimejaribu, nimeshindwa. Anauliza kama unakula vizuri huko uliko. Mimi siulizi.

Mimi nina neno moja. Rudi kwa hao wenzako kabla filamu haijafika mji mwingine, uwaambie wamtoe mbuta na wamrudishe mtoto. Wakikataa, ondoa jina lako na useme kwa nini, redioni, kwa ile ile sauti. Wageni wanaomwona Mama akitoka kwenye ule mlango wajue alikuwa anamkimbilia nani. Nirudishe ndani ya ile boti, Odhis. Nilikuwemo.

Ni mimi, dada yako,
Akinyi