Nyuzi Nilizolowesha

4 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo? Shemeji hajambo? Mimi mzima, ila magoti yamegoma. Nikiinuka yanalia kama mlango mbovu. Wajukuu wanakula kama mchwa. Barua naandika mwenyewe. Herufi nimezijulia uzeeni, zikipinda usicheke.

Nimesikia umeuza cherehani. Nikasema huo uongo. Mwanamke macho yanaona, mikono mizima, anauza cherehani ya nini? Unaumwa? Ukinificha nakuja na magoti yangu haya haya. Simu yangu hupokei, lakini barua utaisoma. Wewe na umbea ni ndugu.

Dada yako

19 Februari

Shikamoo dada,

Siumwi. Shemeji yako anakusalimu.

Unajua tangu lini cherehani ile ilikuwa imefunikwa shuka kabla sijaiuza. Miaka kumi na tisa tangu zile sare za kwaya nilizoshona ziwabane, na bado wapo wanaoniita Bana-Pumzi. Juzi mjukuu wangu, anayeolewa mwezi wa tisa, aliniomba nimshonee gauni. Nilimpima mara nane. Mara nane, dada! Kila nikishika mkasi nasikia makwapa ya sare zile yakipasuka, waimbaji thelathini na nne wameinua mikono mbele ya watu.

Mkono wangu unabana. Nilivuta uzi wakati wa kupima, hakuna lingine. Nimemwambia mtoto aje kwako. Fundi wa ukoo ni wewe.

Mdogo wako

28 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijui nijiite mzima au la. Barua yako imelala chini ya mto wangu miezi miwili. Mjukuu alikuja na kitambaa cheupe. Nikampima, nikashindwa kukata, nikamrudisha. Sasa kaa chini usome.

Ulipokwenda kununua kitambaa cha kwaya uliniachia ule mganda wa nyuzi. Uzi mmoja kwa kila mwimbaji: fundo la bega, fundo la kifua, fundo la mkono, kama mama alivyotufundisha. Ukasema, "Dada, nitunzie, watoto wasizichezee." Watoto hawakuzigusa. Nilizigusa mimi. Nilizitia kwenye maji ya moto, nikazianika juani. Mama alituonya kila siku: uzi wa pamba ukilowa husinyaa, haupimi mtu tena. Ulipokuja kuzichukua zilikuwa kavu, na kila fundo limesogelea mwenzake. Ukakata kwa nyuzi hizo.

Hukuvuta kitu. Mkono wako haujawahi kumbana mtu.

Kazi ile niliiomba mimi, wakakupa wewe. Ulipelekwa shule, mimi nikabakizwa na mama kwenye cherehani. Nikasema haya, basi kushona ni kwangu. Ukarudi na daftari lako, ukashona kunishinda. Hiyo si sababu, nakueleza tu ilivyokuwa. Mishono ilipopasuka nilicheka na watu, kisha nikaja kwako kukufuta machozi. Mwaka uliofuata sare nikashona mimi.

Usinisamehe haraka. Nitukane kwanza.

Dada yako, kama bado

11 Juni

Dada,

Shikamoo sikupi.

Niliposoma mara ya kwanza nilidhani umechanganyikiwa. Mara ya pili nilitoka uani nikapiga kelele, shemeji yako akaja mbio na fimbo akidhani nyoka.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nakitafuta mkononi mwangu. Binti yangu alinililia nimfundishe kushona, nikamkatalia nisije nikamwambukiza. Leo ana miaka arobaini na tatu, anauza kwenye duka la mtu. Hilo utanirudishia vipi?

Machozi yako siyataki. Nenda kwenye kwaya, uwaambie kwa mdomo wako wakiwa wote. Kabla ya hapo usiniandikie.

Bana-Pumzi

30 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Nimekwenda. Jumamosi, katikati ya mazoezi. Nilisimama mbele nikasema yote, maji ya moto na jua. Yule mwenye sauti nene, aliyepasukiwa na sare mgongo mzima siku ile, akauliza, "Bibi, kumbe ni wewe?" Nikamwambia ndiyo, mimi. Akasema, "Na sisi tukamcheka mwenzio!" Akakaa, akashika kichwa.

Mwalimu wao ameniambia nirudishe vitambaa vya sare mpya walivyonipa nishone, hata vilivyokwisha katwa. Nimevirudisha. Wakauliza unapoishi. Nimewaelekeza kona kwa kona.

Dada yako

7 Septemba

Dada,

Walikuja wanne, wamevaa vizuri, wakaniomba radhi. Nilikuwa na maneno ya kuwarushia, nikajikuta nawapa viti.

Nimeazima cherehani ya jirani. Gauni la mjukuu nimelikata Jumatatu. Nilimpima mara moja. Binti yangu alikaa pembeni akiangalia, halafu akasema, "Mama, nipe mimi nipige pindo." Limekwenda upogo. Nimelifumua, anaanza tena.

Arusi ni tarehe ishirini. Njoo, ukae nyuma. Sijakusamehe, nataka uone mshono. Na wateja wako watatu wako kwangu. Siwarudishi.

Mdogo wako

25 Septemba

Mdogo wangu,

Hujambo? Wa nyumbani wote hawajambo? Mimi nilifika salama, magoti yamevimba lakini yanatembea.

Nilikaa nyuma kama ulivyoniamuru. Bibi arusi alipopita nilimkagua. Nikufiche nini? Nilikuwa natafuta kosa. Nilitafuta begani, nikatafuta kiunoni, nikainama kama mtu aliyeangusha sarafu ili nione pindo. Sikuona kosa. Mdogo wangu, iliniuma! Pale pale, vigelegele vinapigwa, iliniuma.

Nilidhani nikishasema kweli wivu utakufa. Haukufa. Tunazeeka nao pamoja. Ila siku hizi ukiinua kichwa nauambia: kaa chini, mdogo wetu anashona.

Hao wateja watatu wachukue. Wa nne anakuja Alhamisi, nimemtuma mimi. Ni msumbufu huyo, utanikoma.

Dada yako