Kidole Juu ya Usukani

The Hague, Uholanzi,
Jumapili, tarehe 9 Machi

Kaka Fintan,

Shikamoo. Hujambo wewe na nyumba yako? Mama hajambo, na goti lake limekubali kupanda ngazi za kanisa, au bado anamlaumu padri kwa ngazi hizo? Mimi ni mzima, sina homa wala kikohozi. Mvua ya huku inanyesha kwa ubavu, lakini wewe mvua unaijua, sina haja ya kukusimulia. Najua umeshangaa kuona barua. Huu ni mwezi wa kumi na nne, kila nikipiga simu anapokea wifi Dympna, nami nasikia mabuti yako yakitoka jikoni. Barua hii unaweza kuitia motoni ukipenda, ila nakuomba uisome kwanza. Moto upo tu.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini. Nikakujibu kwa maneno ya vitabuni, ukacheka ukasema kumbe nalipwa kusikiliza watu wakilalamika, kazi ambayo Shangazi Nonie aliifanya bure miaka sitini. Hukukosea sana. Wateja wangu ni watu walioletwa huku na mikataba ya kazi, wahandisi, wanasheria, na waume au wake zao waliowafuata. Wanakaa miaka mitatu au minne, kisha wanahamishiwa nchi nyingine. Wanakuja chumbani mwangu mwenye viti viwili, boksi la tishu na saa ya ukutani ambayo naiona mimi peke yangu, na kila mmoja kwa lafudhi yake husema jambo lilelile, kwamba hapa hakuna anayemjua. Nasikiliza dakika hamsini. Silii. Sisemi hivyo kwa majivuno, ni kama wewe usivyotapika ng'ombe akizaa.

Kuna jambo moja la kazi hii ambalo sikuwahi kukueleza. Wageni wa mji huu ni wengi kwa hesabu, lakini wanazunguka palepale, kama parokia yetu. Mtu aliyenililia asubuhi nitamkuta jioni kwenye bwawa la kuogelea au kwa muuza samaki, yuko na bosi wake au mama mkwe. Kwa hiyo kila mteja, siku ya kwanza, namwambia kwamba tukikutana nje sitamsalimia mpaka anisalimie yeye kwanza. Si dharau, ni kumlinda, asije akaulizwa tumejuana wapi. Anatia saini, tunaanza. Baada ya miaka kumi na mmoja sharti hilo limeniingia mwilini. Nikiona sura ninayoijua, macho yanashuka yenyewe. Nadhani hakuna mtu The Hague aliyesoma maandishi ya nyuma ya pakiti za chai kunishinda mimi.

Mtoto wa Baba huyo! Unakumbuka Baba alivyoendesha gari, mikono miwili kwenye usukani na kidole kimoja kikiinuka kumsalimia kila aliyepita, awe rafiki, awe adui, awe mtalii aliyepotea njia. Alimshtaki mzee Mulvihill kwa ajili ya mpaka wa shamba, na asubuhi ya kesi akakutana naye njiani akamwinulia kidole, na Mulvihill akainua chake. Nilipomuuliza, akasema kesi ni kesi, barabara ni barabara. Nilikuwa na miaka minane, nikaona ni jambo la kawaida kabisa.

Sasa nikueleze kwa nini naandika leo na si mwaka jana. Wiki tatu zilizopita mteja wangu mmoja alikuja kuniaga. Nitamwita Ornella, ingawa si jina lake, maana siri za watu si zangu. Mumewe anajenga mitambo ya upepo baharini, na sasa wanahamia mbali zaidi. Kwa kawaida siku ya mwisho watu hushukuru, huacha chokoleti, huenda zao. Ornella aliacha chokoleti, kisha akasema ana neno. Alisema ameniona mara nne nje ya chumba hiki, mara mbili sokoni, mara moja bwawani, mara moja shuleni kwa watoto, na mara zote niligeuza uso. Nikamkumbusha sharti. Akasema sharti analijua, saini ni yake, wala hakuja kushtaki. Lakini, akasema, “Dada wee, nchi nzima hii mtu anayejua jina la mama yangu ni wewe peke yako. Halafu wewe ndiye unayenipita kama nguzo ya taa. Mimi nilikuwa nangoja tu uniangalie, mwenzangu. Kusalimia ningekusalimia mimi.” Akavaa koti akaondoka, na zilikuwa zimebaki dakika sita. Nilikaa nazo peke yangu.

Jumatano ya wiki ileile ikaja barua ya Dympna. Usimkasirikie. Aliandika kurasa tatu, na ya kwanza yote ilikuwa ya kuku. Katika ya pili akasema kwamba umeacha kuinua kidole. Kwanza alidhani ni baridi, akakununulia glavu. “Majella wee,” anasema, “kaka yako siku hizi anaendesha gari kama anasindikiza maiti. Watu wanamwinulia, yeye macho mbele. Nikimwambia, ‘Fintan, yule alikuwa Packie,’ ananiambia, ‘Nimemwona.’” Anasema Jumapili baada ya misa Packie alikuchokoza mbele ya watu, akakuuliza kama kidole kimekatwa na mashine au umeteuliwa askofu. Wote wakacheka. Wewe ukaingia garini ukawaacha wamesimama. Anasema pia kwamba huli mchana, kwamba unakaa kwenye zizi lililo tupu mlango ukiwa umefungwa, na kwamba bunduki ya kuwindia mbweha ameihamishia kwa ndugu yake bila kukuambia. Sasa nimekuambia mimi, basi. Afadhali ujue kwamba mkeo anaogopa kukupoteza.

Aliniomba niongee na wewe kama mtaalamu. Nimemkatalia. Mtaalamu hatibu ndugu yake, na mtaalamu huyu ni sehemu ya maradhi. Nilimpa jina la Daktari Culhane aliye mjini kwenu, mtu mzima, mwana wa mfugaji, hatakuchosha kwa maneno. Nenda kwake, kaka. Kama ungekuwa mume wa mteja wangu ningemwambia mteja asingoje hata wiki.

Nimezunguka sana. Nifike pale ninapopaswa kufika.

Januari ya mwaka jana ulikuja huku na basi la wafugaji kutazama mashine za kukamulia. Tulipanga uje kula kwangu Ijumaa. Alhamisi asubuhi daktari wa mifugo alikupigia simu. Ng'ombe thelathini na mmoja kati ya arobaini na wanne wamekutwa na kifua kikuu, wataondolewa wote wakachinjwe, na miongoni mwao yule mweusi uliyempa jina la Shangazi Nonie kwa kuwa hakunyamaza, na uzao wote wa ng'ombe wa kwanza wa Baba. Hayo niliyajua mwezi mmoja baadaye kwa Dympna. Siku ile sikujua. Ulichofanya, kama ninavyokisia, uliwaacha wenzako, ukapanda treni peke yako, ukaja hadi nje ya ofisi yangu kwa anwani iliyokuwa kwenye kadi ya Krismasi, ukakaa kwenye benchi la kituo cha tramu ukanisubiri.

Ijumaa hukuja. Nilichemsha nyama ya kondoo na viazi, nikala peke yangu. Jumapili nilikupigia, ukaniambia uliniona Alhamisi nikitoka kazini. Nikakujibu kwamba sikukuona, kwamba sikuwa na miwani. Ukasema, “Haya.” Hilo ndilo neno la mwisho uliloniambia mpaka leo. Hukubishana, na ulikuwa na haki ya kubishana. Tangu utotoni mimi ndiye niliyetumwa kumtafuta ndama ng'ambo ya mto kwa sababu namwona kutoka kilimani. Miwani yangu ni ya kusomea tu, na wewe unajua.

Nilikuona, Fintan. Nilitoka saa kumi na nusu nikakuona kabla mlango haujafunga nyuma yangu. Ulivaa lile koti la kahawia la kwendea mnadani. Simu ilikuwa mkono wa kushoto. Ulikuwa unalia bila kufunika uso, kama mtu asiyejua kulia kunafanywaje, na mwanamke mmoja mwenye mbwa alihama kutoka kwenye benchi kukuachia nafasi. Macho yangu yakashuka. Kwa mwaka mzima nimejiambia kwamba ni ile kazi, ni yale mazoea, kwamba nilikupa heshima ninayowapa wateja, heshima ya kutoonekana mpaka mtu atake mwenyewe kuonekana. Hata Wietske, mwenzangu anayenisimamia kikazi, nilimweleza hivyo, akaitikia kwa kichwa akaandika kwenye daftari. Ni maelezo mazuri. Yangekuwa ya kweli, ningekwisha kukuandikia zamani.

Lakini niliinua macho tena, na wewe ukainua kidole. Kimoja tu, kutoka gotini, kana kwamba goti ni usukani na mimi ni mtu wa kupita njiani. Ulinisalimia wewe kwanza. Kwa sharti langu mwenyewe, mteja wa siku moja angenifanyia hivyo ningemwitikia na kumuuliza habari za nyumbani. Wewe nilikupita. Nilifungua kufuli ya baiskeli, nikapanda, nikaenda nyumbani kwa njia ndefu ya kando ya mfereji.

Niliogopa, kaka, hakuna zaidi. Sikukuogopa wewe, niliyaogopa hayo machozi. Tangu tumzike Baba, kila kitu cha nyumba ile umekibeba wewe: Mama na goti lake, shamba, paa; na mimi nikaja huku kuwabebea watu mizigo ambayo baada ya dakika hamsini wanaichukua wenyewe pamoja na koti. Mzigo wako haukuwa na saa ukutani. Nilijua nikivuka ile barabara sitaweza tena kusema niko mbali. Basi sikuvuka. Ndugu yangu alikuja na msiba kwa treni mpaka mlangoni pangu, akaomba kwa kidole kimoja, na mimi nikamnyima. Halafu nikamdanganya. Naona aibu kuliko ninavyoweza kuandika, na naomba unisamehe, na usiponisamehe nitaelewa.

Dympna anasema hukumwambia mtu. Hata yeye hajui ulikuja mpaka kwangu. Amenieleza tu kwamba uliporudi kutoka huku ulisema barabara za Uholanzi ni nzuri, na tangu siku ya pili kidole hakikuinuka tena. Yeye anafikiri ni ng'ombe. Mimi ninajua ni ng'ombe na ni mimi, na sehemu ya ng'ombe siwezi kuitengeneza.

Nimefunga ofisi kwa mwezi mmoja. Wateja wamekasirika kidogo, watapona. Alhamisi ya tarehe ishirini na saba basi litanishusha njia panda kwa Mulvihill saa tisa alasiri. Usije kunipokea. Dympna ananiambia saa hiyo wewe hutoka na gari kuwapelekea nyasi wale kumi na watatu waliobaki. Nitatembea zile maili mbili upande wa kulia, nikielekeana na magari, kama Baba alivyotufundisha. Nikiliona gari lako nitainua kidole changu kwanza. Ukitaka kunipita, nipite. Sitasema hukuniona. Nitaendelea kutembea mpaka mlangoni kwako, nitavua viatu, nitakaa jikoni, na siku hiyo sitatazama saa.

Msalimie Mama, mwambie namletea ile biskuti ya karameli anayosema ni tamu mno kisha anaimaliza. Msalimie wifi kwa kurasa zote tatu, pamoja na ya kuku. Packie naye mpe salamu zangu, mwambie kidole hakijakatwa. Na wewe, kaka, shikamoo tena.

Ni mimi mdogo wako, mwenye macho mazima,

Majella